Kumsafirisha Mgonjwa wa Kansa Aliyezidiwa

Mwezi huu twataka kueleza jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo bila matayarisho. Mgonjwa wa kansa amezidiwa, daktari ameandika barua ya rufaa, gari liko nje, na kati ya hapa na hospitali kubwa kuna siku nzima ya barabara. Hospitali zenye mashine za mionzi nchini mwetu ni chache. Wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi iliyoundwa mwaka 1996. Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa huenda Bugando, Mwanza. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Huko njiani, kwenye mlima Kitonga au katikati ya mbuga ya Mikumi, muuguzi ni mmoja, dawa ni zile zilizopakiwa asubuhi, na mikono mingine iliyopo ni ya ndugu wa mgonjwa. Ndiyo maana twaandika kwa ajili yenu na si kwa wauguzi peke yao.

Neno la kwanza ni kwamba gari si hospitali. Familia hutuharakisha: "Sista, mbona mnachelewa, si mmpeleke tu, huko ndiko kwenye madaktari!" Twaelewa uchungu huo. Lakini mgonjwa anayetoka akiwa hajatulizwa hufika katika hali mbaya kuliko aliyekaa saa mbili zaidi akawekewa dripu, akapewa dawa na kuongezewa damu. Ukituona tunahangaika na mgonjwa wako wakati dereva amekwisha kuwasha gari, usidhani tunazembea. Saa hizo mbili mara nyingi ndizo zinazomfikisha.

Tuanze na homa, maana hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mgonjwa anayetibiwa kwa dawa za kansa za mshipani hupungukiwa na chembechembe nyeupe za damu, wale askari wanaopigana na vijidudu. Kwa dawa nyingi hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo homa ya nyuzi 38 au zaidi ni hatari kama nyumba inayoungua, hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Asipopata dawa ya kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo msimpakie kwenye basi kumrudisha Dar es Salaam kwa sababu "ndiko alikotibiwa". Mpelekeni hospitali iliyo karibu, mwonyesheni mganga kadi yake ya dawa za kansa, na mseme tarehe ya dozi ya mwisho. Dawa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike. Kama ni lazima asafiri, dozi ya kwanza iingie kabla gurudumu halijazunguka, na ya pili iwemo katika sanduku la muuguzi pamoja na saa yake ya kupewa.

Hapo nyumbani pia kuna mambo ya kuepuka. Msimpe parasetamoli kabla ya kupima joto, maana itashusha homa na kumdanganya mganga. Asipewe aspirini wala dikilofenaki, kwa kuwa dawa za kansa hupunguza pia chembe zinazogandisha damu, na dawa hizi humzidishia kutokwa damu. Kwa sababu hiyohiyo sindano ya matakoni haifai. Asipigwe bomba la dawa za kienyeji wala asiingizwe kitu chochote njia ya haja kubwa, hata kipima joto, kwa maana mchubuko mdogo tu huwa mlango wa vijidudu. Tena wengine hawapati homa kabisa: wazee, na wale wanaotumia dawa za jamii ya deksamethazoni. Hao hutetemeka, hulegea, au huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hao nao waharakishwe hospitali.

Sasa tuje kwenye damu. Kansa ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa akina mama wa Tanzania, na wengi tunaowasafirisha ni hao. Mama amekuwa akitokwa damu kidogo kidogo kwa miezi, akanyamaza kwa aibu, halafu siku moja inafunguka. Mionzi husaidia sana kukausha damu hiyo, kwa hiyo safari yake ina maana. Lakini afike akiwa hai. Kabla ya kuondoka tunaweka sindano kubwa mbili za dripu, moja kila mkono, kwa sababu mshipa ukilala njiani si rahisi kuupata garini. Tunapima kundi la damu na kumwongezea ikibidi. Hapa ndipo tunapowaomba ndugu wajitokeze kuchangia, nasi tunasikitika kuona wanaume wazima wanaokumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kufunga. Damu ikitoka nyingi, mganga au muuguzi aliyefundishwa hujaza ukeni shashi ndefu na kuibana sawasawa. Shashi hiyo hubana pia njia ya mkojo, basi mama huwekewa mpira wa mkojo. Barua ieleze ni shashi ngapi zimewekwa na saa ngapi, kwa kuwa zisikae zaidi ya saa 24. Ikisahaulika moja ndani, italeta usaha na homa.

Ndugu anayemsindikiza ahesabu vitambaa vilivyolowa na kukumbuka saa. "Imetoka nyingi" haitusaidii kama "ameloanisha vitambaa vitatu tangu Makambako". Chukueni khanga nyekundu au vitenge vya rangi nzito. Si urembo huo. Damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na wote waliomo garini, na hofu huenda mbio kuliko damu. Mama akianza kutoka jasho la baridi, moyo ukaenda mbio na midomo ikapauka, alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya mfuko, dripu ifunguliwe, na dereva aelekee hospitali iliyo karibu, asikaze kwenda mbali. Jambo moja zaidi, nalo twalisema kwa wenzetu wa taaluma: mgonjwa wa namna hii asipimwe tena kwa vidole kila kituo anachopita. Kila mkono unaoingia huamsha damu iliyokwisha kutulia. Barua ikieleza vizuri, yatosha kuisoma.

Hatari ya tatu haina damu wala homa, na kwa sababu hiyo hupotezewa majuma. Kansa ya tezi dume kwa wazee, ya matiti kwa akina mama, na nyingine kadhaa, hupenda kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Uvimbe hukua mpaka unaubana uti wenyewe. Mgonjwa husema mgongo unamuuma, hasa usiku akilala, au kwamba anasikia kama amefungwa mkanda kifuani. Baadaye miguu inakuwa mizito, anajikwaa, ganzi inapanda, na mwisho mkojo unakataa kutoka. Nyumbani watu husema ni mishipa, akakandwa kwa maji moto. Au kwamba ametupiwa kitu, akachanjwa nyembe. Siku zinakwenda. Nasi tungependa kila familia ikumbuke hili: mgonjwa anayeanza matibabu akiwa bado anatembea mara nyingi huendelea kutembea, yule ambaye miguu imekwisha kufa kabisa, ni mara chache kumrudishia. Tofauti kati ya hao wawili inaweza kuwa siku mbili tu.

Huyu hupewa deksamethazoni kabla ya kuondoka, ili kupunguza uvimbe unaobana, na mpira wa mkojo. Halafu ndipo kazi yenu inapoanza. Abebwe akiwa amenyooka, watu wanne, ubao au machela chini yake, na akigeuzwa ageuzwe mwili wote mara moja kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja. Asibebwe mgongoni. Asikunjwe kwenye kiti cha nyuma cha Noah. Juu ya bodaboda hata tusiseme. Kwa kuwa hasikii miguu yake, hatalalamika kisigino kikisuguliwa na chuma cha kitanda mpaka kidonda kitokee. Basi wekeni khanga iliyokunjwa chini ya kifundo ili kisigino kielee, na kila saa mbili gari lisimame ageuzwe. Dereva mwema kwa safari hii ni yule anayeyaona matuta kabla hajayafikia.

Wapo wanaokosa pumzi. Kama uvimbe ndani ya kifua umeubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, mgonjwa huamka asubuhi uso umevimba, macho mekundu, mishipa ya shingo imesimama. Huyu akae, asilazwe chali hata kama machela ni nzuri kiasi gani. Dripu yake iwekwe mguuni, kwa maana ile ya mkononi huongeza maji mahali ambapo tayari hayana njia ya kushuka. Mtoto mwenye uvimbe kifuani asipewe dawa ya usingizi ili "atulie safarini". Akiwa macho anajitafutia mwenyewe mkao unaompa hewa. Ukimlaza kwa dawa, umemnyang'anya. Acheni apakatwe na mama yake namna anavyotaka. Mwingine ana maji yaliyojaa kando ya pafu. Hayo yapunguzwe hospitalini kwanza, na mara nyingi baada ya hapo mgonjwa husafiri bila taabu.

Na oksijeni ni hesabu. Mtungi mdogo wa garini, ule wa lita 680, ukitumika lita 5 kwa dakika, unakwisha kwa dakika 136, yaani saa mbili na robo hivi. Safari ya saa kumi inataka lita 3,000. Hiyo ni mitungi mitano, na mmoja wa akiba kwa ajili ya gurudumu kupasuka au foleni ya malori Kitonga. Msione haya kumuuliza muuguzi: "Mtungi huu utatufikisha wapi?" Ni swali zuri, na muuguzi mzuri hufurahi kuulizwa. Tena asivute mtu sigara karibu na gari hilo.

Wenye kansa ya koo la chakula, ambao sisi huku Afrika Mashariki tunao wengi, wana hatari ya namna nyingine. Mate na chakula kisichoshuka hurudi na kuingia kwenye njia ya hewa. Alazwe kwa ubavu, kichwa kimeinuka, beseni liwe karibu, na tafadhali asilishwe chapati ya njiani kwa huruma.

Yatupasa kusema neno juu ya watoto. Kuna uvimbe wa taya na wa tumbo uitwao limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari Denis Burkitt aliyeueleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wengi wenye ugonjwa huo nchini Uganda. Ni miongoni mwa kansa zinazokua mbio kuliko zote: huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jino linalotikisika kwa mtoto wa miaka sita si ajabu, lakini taya linalovimba huku meno kadhaa yakilegea halingojei mwisho wa mavuno. Habari njema ni kwamba uvimbe huu huyeyuka upesi sana kwa dawa, na watoto wengi hupona. Lakini hapo pana mtego. Uvimbe mkubwa unapoyeyuka, hata wakati mwingine kabla ya dawa, taka zake humwagika katika damu na kuziba figo, na madini ya potasiamu hupanda mpaka moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo mtoto huyu husafiri na dripu isiyokatika, hupewa vidonge vya alopurinoli, na mkojo wake hupimwa. Mama, usiumwage mkojo huo dirishani. Uingie kwenye chupa yenye alama, tuuone. Akikaa saa sita bila kukojoa, semeni. Dafu na ndizi, ambazo kila mtu humnunulia mtoto mgonjwa akifika Chalinze, zina potasiamu nyingi. Zingojee mpaka daktari aruhusu.

Mgonjwa akichanganyikiwa garini, msiseme mara moja kwamba ni malaria imepanda kichwani, wala kwamba ndio mwisho. Muuguzi apime sukari kwanza, maana ikiwa imeshuka hutibika papo hapo. Kansa iliyoingia kwenye mifupa huweza kumwaga chokaa nyingi, yaani kalsiamu, ndani ya damu. Huyo alikuwa na kiu isiyokwisha, mkojo mwingi, choo kigumu, kisha usingizi na maneno ya ovyo. Maji ya chumvi ya mshipani humsaidia sana. Tumewaona watu waliokuwa hawawatambui watoto wao wakiuliza, baada ya siku mbili za maji na dawa, ni nani aliyewalisha kuku wao. Mgonjwa akipata degedege, alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, na asitiwe kijiko mdomoni. Kijiko huvunja meno na hakimsaidii kupumua.

Maumivu nayo ni dharura, ingawa wengi hawayahesabu. Barabara mbovu juu ya mfupa uliooza kwa kansa ni mateso ambayo mtu mzima hulia kama mtoto. Mofini ya maji ipewe nusu saa kabla ya kuondoka, kisha kila saa nne kama ilivyoandikwa, na iwepo ya ziada kwa ajili ya maumivu yanayopenya katikati. Chupa isafiri pamoja na karatasi ya daktari. Wapo wanaoificha wakidhani ni dawa ya kulevya watakayokamatwa nayo, na wapo wanaoinyima wakisema ni dawa ya kufia. Si kweli. Ikipewa kwa kipimo, mgonjwa hupata nafuu na kulala kama watu wengine. Ila humfunga choo, basi na dawa ya kulainisha choo ifuatane nayo.

Juu ya karatasi: barua ya rufaa, kadi ya matibabu, picha, na zaidi ya yote majibu ya kipimo cha kinyama. Bila majibu hayo hospitali kubwa mara nyingi hulazimika kuchukua kinyama upya na kungoja, na mgonjwa aliyesafiri siku nzima analala wodini majuma akisubiri. Muuguzi au daktari apige simu kabla ya kuondoka, apate jina la mtu atakayepokea. Anayesindikiza awe mmoja au wawili, wenye uwezo wa kuamua kwa niaba ya ukoo. Tumekwisha kusafiri na shangazi watano wema, na lilipotakiwa kuamuliwa kama mgonjwa aingie hospitali ya njiani, ikabidi kumpigia simu mjomba aliyekuwa mnadani. Mjue mapema vituo vya kukimbilia. Kwa njia yetu kuna hospitali ya mkoa Iringa, kisha Ilula kabla ya kuteremka Kitonga, kisha Mtakatifu Kizito pale Mikumi, kisha Morogoro. Kuingia mojawapo si kushindwa safari.

Lakini wako pia wasiopaswa kusafiri, na hili ni gumu kulisema. Mgonjwa ambaye mwili wote umekwisha, ambaye mionzi haitamwongezea kitu, ambaye pumzi zake zinahesabika, hafai kupandishwa gari ili tu majirani wasije wakasema aliachwa. Familia huuza ng'ombe wawili, mgonjwa anafia Ruaha Mbuyuni kati ya watu asiowajua, na ng'ombe wa tatu anauzwa kulipia gari la kurudisha mwili. Muulizeni daktari waziwazi: "Daktari, kule watamfanyia nini ambacho hapa hakiwezekani?" Kama jibu ni mionzi ya kukausha damu au kuokoa miguu, nendeni upesi. Kama jibu ni kimya, ombeni mofini ya kutosha, muuguzi wa kuwatembelea nyumbani, na padre aitwe wakati mgonjwa bado anaweza kuitikia. Muulizeni na mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa, na mara nyingi ana jibu lake tayari.

Mkifika, msimwache muuguzi azungumze na dereva wakati ninyi mnatafuta chai. Simameni naye mapokezi, kwa sababu ninyi ndio mliohesabu vitambaa na kuona mkojo. Elezeni dawa ya mwisho alipewa saa ngapi, alisimama pumzi wapi, alitapika mara ngapi. Chukueni namba ya simu ya wodi. Na kabla gari halijageuza, hakikisheni mitungi ya oksijeni, machela na blanketi la hospitali vimerudi ndani, maana kesho asubuhi kuna mwingine anayevingoja.